Siku ya Ishirini na Nane

Zena mama,

Umetoka sasa hivi na mabinti wa shangazi yako kwenda Buyenzi kuaga, na najua hamtarudi kabla ya magharibi, maana huko kila nyumba itakukalisha na kukunywesha chai. Mama yako yuko uani anakunja sambusa za safari yako, utadhani Aljeria watu hawali. Mimi nimejifungia chumbani na kalamu. Nimemwambia nina ripoti ya kazini. Uongo mtupu, na nakusudia kuufuta kabla jua halijazama, inshallah.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kuficha pasipoti, wala za marafiki wa kuwaogopa. Hayo mama yako amekuimbia wiki nzima mpaka mtaa wetu wote wa Gasenyi umeyahifadhi. Nakuandikia kwa sababu ya daftari.

Jumatatu uliingia hapa ukasema, "Papa, lile daftari lako la embriolojia nalibeba. Michoro yako ni mizuri kuliko ya kwenye kitabu." Nikacheka, nikakwambia libebe. Ukatoka nalo unaruka ruka, nami nikabaki nimeketi kitandani kama mtu aliyepigwa kofi. Kwa sababu katika mwaka wako wa kwanza, kabla hujazoea hata baridi ya huko, utafungua ukurasa wa wiki ya nne. Wewe si mjinga. Utasoma, utahesabu, utakumbuka mambo ya nyumbani kwetu, na utajiuliza swali ambalo mimi nimelikimbia miaka ishirini na moja. Sitaki jibu ulipate katika mwandiko wangu wa ujana huku mimi niko huku nakunywa chai na karanga.

Ngoja nianze na somo lenyewe, maana nalipenda mpaka leo.

Wenzangu wengi waliichukia embriolojia. Mifupa unaishika, misuli unaifuata kwa kidole, lakini huyu mtu anayefanyika tumboni hashikiki. Ulichokisoma leo, kesho yake hakipo, kimekuwa kitu kingine. Profesa wetu alikuwa mzee mwembamba mwenye kikohozi, anachora ubaoni kwa chaki za rangi tatu. Bapa dogo lenye tabaka tatu, jembamba kuliko ukucha. Buluu itakuwa ngozi na ubongo, nyekundu itakuwa moyo na mifupa, njano itakuwa utumbo na mapafu. Akimaliza anafuta kwa kiganja, anachora upya, siku moja mbele. Anafuta tena. Sisi mia na kitu tunakimbizana naye kwa penseli. Ukiinama kuokota kifutio, ukiinuka mtoto ameshaota moyo.

Mimi nilihifadhi kama nilivyohifadhi juzuu madrasa, kwa kuimba. Asubuhi nilikuwa napita katika njia za Buyenzi, mafundi wanagonga mabodi ya magari, nami naimba siku zangu. Siku ya kumi na nane, mfereji. Ya ishirini na mbili, moyo unapiga. Mafundi walinizoea. Mmoja alikuwa chini ya Toyota, miguu tu ndiyo inaonekana, akanipigia kelele, "We dokta, mutoto wako amefika siku ngapi leo?" Nikamjibu, "Ishirini na tano, kichwa kimefunga!" Akasema, "Mungu amukuze," na nyundo ikaendelea. Nilicheka njia nzima mpaka chuoni.

Hiyo habari ya kufunga ndiyo ninayotaka uielewe vizuri, mama, kwa hiyo soma polepole. Juu ya lile bapa unatokea mfereji, kutoka upande wa kichwa mpaka upande wa mkia. Kingo zake mbili zinainuka, zinainamiana, zinagusana. Zinaanza kushikana kwenye sehemu ya shingo, halafu zinaendelea kushikana kwenda juu na kwenda chini, mpaka mfereji unakuwa mrija. Mrija huo ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Tundu la juu linafunga karibu siku ya ishirini na tano. Tundu la chini linafunga karibu siku ya ishirini na nane. La chini lisipofunga, mtoto atazaliwa na mgongo wazi. Na siku ya ishirini na nane, Zena, wanawake wengi hawajajua hata kama kuna mtu. Anaona siku zake zimechelewa kidogo, anasema labda ni uchovu.

Hayo niliyajua nikiwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nayachora ubaoni kuwafundisha wenzangu waliokwama, kwa chaki tatu kama profesa, na kikohozi chake nakiigiza. Walikuwa wananiita Profesa Mdogo. Nilikuwa najisikia, acha tu.

Katika maabara yetu kulikuwa na rafu ya chupa. Utaziona na zako. Watoto wasiofika, ndani ya maji ya dawa, kila mmoja na karatasi yake. Siku ya kwanza tuliogopa, msichana mmoja kutoka Gitega alitoka nje akatapika. Mwezi wa pili tulikuwa tumewapa majina ya wachezaji wa mpira. Kulikuwa na mmoja mwenye mgongo wazi, na mimi ndiye niliyempa jina. Sitaliandika hapa. Tulicheka. Sikuwa katili, mwanangu, nilikuwa mtoto aliyeogopa akajifanya haogopi. Lakini jina nilimpa, na lilinisaidia kukumbuka somo, na mtihani nilifaulu. Wakikuomba uwape majina, wewe katae. Wakuite mshamba.

Sasa Yasini.

Unajua ulikuwa na kaka, mgongo wake ulikuwa mbaya, alikufa mchanga. Hivyo tu ndivyo ulivyoambiwa, na ukiuliza zaidi mama yako anainuka kwenda kuangalia sufuria ambayo haiko motoni.

Nilimwoa Sifa nikiwa mwaka wa tatu. Bibi yako Zainabu alitaka wajukuu kabla macho hayajamwisha, na mimi, kusema kweli, sikuhitaji kusukumwa. Mama yako unayemjua wewe ni mtu wa kukaa, mtu wa mkekani. Yule niliyemwoa mimi alikuwa hatulii. Alitoka kwao Uvira, ng'ambo ya mpaka, na biashara yake ya vitenge. Alikuwa anavuka mpaka wa Gatumba mara mbili, mara tatu kwa wiki, nyuma ya pikipiki, furushi limekaa katikati yake na dereva. Alijua maaskari wa pande zote mbili kwa majina ya watoto wao. Akirudi jioni tulikuwa tunamsikia kabla hajafika, anamcheka mtu barabarani.

Aliposhika mimba hakuacha. Bibi yako akamkataza. "Sifa, teremuka kwa hiyo pikipiki, utamwaga mutoto." Mama yako akacheka, akamkumbatia mkwe wake. "Mama, mutoto wa Uvira iko na breki." Hata bibi yako alicheka. Alivuka hadi mwezi wa sita, tumbo lilipokataa.

Mtoto alizaliwa saa nne asubuhi, katika hospitali ile ile niliyokuwa nafanya staji, mazoezi yetu ya udaktari. Nilikuwa wodi nyingine, wakaniita. Mkunga hakunipongeza. Alimgeuza tu mtoto taratibu, akanionyesha chini ya mgongo. Palikuwa wazi. Miguu haikucheza. Na mimi baba yake, Zena, kitu cha kwanza kilichonijia si Bismillahi, si jina. Ilikuja ile chupa, na lile jina la mpira. Nilimtazama mwanangu nikaona somo nililolijua. Ilinichukua muda kumwona yeye, ana nywele nyingi, ana kidevu cha mama yako. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Nakwambia wewe kwa sababu unaingia mahali ambapo hilo linaweza kukupata.

Upasuaji wa kumsaidia haukuwepo kwetu wakati ule. Tulimpeleka nyumbani Buyenzi. Siku ya saba tulimnyoa, tukamwita Yasini, mbuzi akachinjwa, watu wakala wakiwa na nyuso za matanga. Siku ya tisa akafa kabla ya adhuhuri, mikononi mwa mama yake. Tukamzika siku hiyo hiyo.

Niliporudi kutoka makaburini, viatu vina udongo, wanawake walikuwa wamejaa uani. Mama yako ameketi katikati, khanga kichwani, maziwa yamelowesha blauzi yake na hakuna wa kuyanyonya. Bibi yako akasema, mbele ya watu wote:

"Mi nilimukataza. Mara ngapi nilimukataza? Mugongo ya mutoto imevunjika kwa ile barabara ya Gatumba. Mutu hasikii, hasikii, mupaka ayaone."

Wanawake wakaitikia, eeh. Mmoja akasema pikipiki ni mbaya sana kwa tumbo.

Mama yako aliinua kichwa. Hakumtazama bibi yako, wala wale wanawake. Alinitazama mimi, msomi wa nyumba, Profesa Mdogo. Alikuwa anangoja niseme. Nilikuwa na maneno yote, Zena. Nilikuwa na rangi tatu za chaki kichwani. Ilikuwa inatosha kusema, "Mama, huo mgongo ulibaki wazi kabla Sifa hajajua ana mimba. Mtoto alikuwa na ukubwa wa punje ya mchele. Pikipiki haina habari." Hata pumzi tatu hayachukui.

Nikasema, "Ni kadari ya Mungu. Tusubiri."

Na kadari ni kweli, mimi naamini. Lakini siku ile nilijifunika nayo. Kila mtu alisikia kwamba sikukanusha. Mama yako akainamisha kichwa, na tangu siku ile, nakuapia, sijamwona akikiinua vile tena.

Usimchukie bibi yako. Alikulea kwa mapenzi, ulilala kifuani kwake mpaka una miaka saba, na alipokufa ulimlilia kuliko sisi. Yeye alisema alichodhani ni kweli, kwa uchungu wa mjukuu. Hakuwa amesoma. Nani alikuwa amesoma pale?

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilinyamaza kwa adabu. Kwetu humkatizi mama yako mzazi mbele ya wageni, tena siku ya msiba. Hiyo ni sababu nzuri na ni sababu ya siku moja. Je, kesho yake? Je, arobaini ilipopita, tumebaki wawili chumbani, analia ameugeukia ukuta?

Sababu ya kweli ni hii. Kuna kidonge kidogo cha njano, asidi ya foliki. Mwanamke akikimeza tangu kabla ya kushika mimba, hatari ya mgongo wazi inapungua sana. Haiishi, na siwezi kuapa kwamba kingemwokoa Yasini. Lakini inapungua. Tuliulizwa hilo katika mtihani, na nilijibu vizuri, nikaeleza mpaka kwa nini vile vidonge wanavyopewa wajawazito wakija kliniki mwezi wa tano vinakuwa vimechelewa kwa jambo hili. Halafu nikaoa. Kila asubuhi ya staji nilipita mbele ya kabati lenye vidonge vile, na sikuwahi kufikiri kwamba mke wangu ni mwanamke wa aina ile iliyotajwa kwenye mtihani. Hayo ndiyo yaliyonifunga mdomo. Ningesema "siku ya ishirini na nane," swali la pili lingekuwa, "Na wewe daktari ulifanya nini?" Basi nikaiacha pikipiki ibebe.

Imebeba mengi. Mama yako hakuvuka mpaka tena. Vitenge vilivyobaki aliwagawia mashemeji zake. Mimba yako wewe ilipokuja, alikaa mkekani miezi tisa, hata chooni anashikwa mkono. Ulipozaliwa mzima, mgongo umenyooka, bibi yako akasema, "Unaona? Ukikaa, unazaa." Mama yako akaamini moja kwa moja. Hakujua kwamba miezi minne kabla ya mimba yako nilikuwa nampa vidonge vya njano kila jioni na kumwambia ni vitamini. Unaelewa nilichofanya? Nilimtibu, nikamwacha na hatia yake. Alikataa kuzaa tena, akisema Mungu amempa nafasi ya pili na hataki kumjaribu. Ndiyo maana umekua peke yako. Ndiyo maana hujawahi kupanda pikipiki hata siku moja, hata mvua inyeshe vipi, na ulipokuwa sekondari ukagombana naye kwa hilo mpaka ukavunja sahani, nikakuchapa mimi. Nisamehe kile kibao. Ulikuwa na haki.

Na kazini, ajabu! Nimekuwa daktari mwenye sifa moja: "Nendeni kwa yule, anajua kusema na akina mama." Akiletwa mtoto wa namna ile, mimi ndiye ninayeitwa. Naketi, nachukua karatasi, nachora mfereji, nasema, "Mama, tazama, si kosa lako. Si jembe, si safari, si mtu aliyekutazama vibaya." Nimewaambia wangapi? Wengine wananishika mikono na kulia. Halafu napanda gari narudi nyumbani kwa mama yako, nakula chakula chake.

Utahifadhi siku nyingi mwaka huu, na lazima uzihifadhi, usipozijua utafeli. Lakini ukiwa unaimba siku zako huko, jiulize kila mara mama wa huyo mtoto yuko wapi siku hiyo, anafanya nini, anacheka na nani. Mimi sikujiuliza. Na jambo jingine, hili si ushauri ni amri ya daktari: umezaliwa tumbo moja na Yasini. Siku ukiolewa, vidonge kwanza, harusi baadaye.

Nasimamisha kalamu hapa. Namsikia mama yako anafukuza paka. Nikiimaliza barua hii kabla ya kumwambia, nitakuwa nimekupa wewe siri ambayo mwenyewe ni yeye. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha vya kutosha. Naenda.

*

Nimerudi. Utavumilia mwandiko.

Alikuwa kwenye kigoda, sinia mapajani. Nikaketi chini. Akasema, "Ripoti imeisha?" Nikasema, "Hakuna ripoti." Akasimamisha mikono. "Kuko nini? Ni viza ya mutoto?"

"Apana. Ni Yasini."

Jina lile lilikuwa halijatajwa kwa sauti kati yetu sijui tangu lini. Nikachukua kipande cha unga uliokandwa kwenye sinia lake, nikakinyoosha, nikainua kingo mbili, nikaanza kuzibana kutoka katikati kwenda huku na huku, kama ninavyowafanyia wale akina mama wengine kwa karatasi. Nikamweleza. Upande mmoja nikaufunga. Upande wa chini nikauacha. Akautazama ule upande uliobaki wazi, akaufunika kwa kiganja chake chote.

"Ni siku ya ngapi hiyo?" akauliza.

Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, kurudi nyuma miezi minane kutoka siku aliyojifungua. Midomo inacheza.

"Ilikuwa mufungo," akasema. "Mufungo yangu ya kwanza kwa mama yako. Mwezi ile mi sikuvuka Gatumba hata mara moja. Nilikuwa napika futari na yeye." Halafu akashtuka. "Basi ni kufunga?"

"Si kufunga, Sifa. Si pikipiki. Si wewe."

Mafuta yalikuwa yanachemka, hakuyaangalia.

"Na we ulijua?"

"Nilijua."

"Lini? Kisha kumaliza masomo?"

"Siku ile ile. Nimesimama mlangoni, unanitazama. Nilijua."

Nilimwambia na habari ya kidonge, yote, bila kujitetea. Sikufika mwisho. Alinikatiza. "Zile vitamini za Zena," akasema. Nikaitika. Akasema, "Ah. Kumbe." Sauti ndogo kabisa.

Nilidhani atapiga kelele. Nilitamani apige. Akafuta mikono kwa khanga, kidole kimoja kimoja, akasema:

"Baba Zena, mi kila sala naomba huyu mutoto anisamehe. Kila sala. Nikiisha kutoa salamu nabaki hapo chini, namuambia Yasini, mama alikukosea, mama alipenda barabara. Miaka yote hii. We ulikuwa unadhani naomba nini?"

Na mimi ndiye ninayemsalisha, Zena. Magharibi, isha, alfajiri, miaka ishirini na mitatu ya ndoa, mimi mbele, yeye hatua moja nyuma yangu. Nilikuwa namsikia ananong'ona baada ya salamu. Nilidhani anaomba riziki. Mara nyingine nilikuwa namwambia afanye haraka, chakula kinapoa.

Nililia. Nakwambia ujue, usije ukadhani baba yako alisimama kama mwanaume. Yeye hakulia. Akasema, "Toka kwanza hapa. Mafuta inaungua."

Nimekaa hapa chumbani, sijui kwa muda gani. Sambusa zimeendelea kuiva, nasikia. Punde hivi amekuja akasimama mlangoni, unga mpaka kwenye viwiko.

"Unamuandikia mutoto?"

"Ndiyo."

"Umemuambia yote?"

"Yote."

"Mwandikie na hii. Akifika pa siku ile katika masomo yake, anipigie simu. Anisomee yeye. Polepole, kwa Kiswahili, na nikiuliza asichoke."

Nikasema, "Sifa, naweza kukusomea mimi, hata kesho, tukirudi kutoka uwanja wa ndege."

"We apana," akasema. "Mi nataka kusomewa na mutu asiyenificha kitu."

Basi nimekuandikia. Ni haki yake, na kwangu imeingia mpaka kwenye mfupa. Usimsomee haraka, mama. Akikurudisha nyuma mara kumi, rudi mara kumi. Atakuuliza mambo ambayo profesa hatakuuliza. Atakuuliza kama mtoto alisikia maumivu siku ile, atakuuliza kama alijua yeye ni mama yake. Usilolijua mwambie hujui, na usiniulize mimi nikusaidie kulijibu.

Magharibi imeshaadhiniwa. Nilitawadha, nikatandika msala wangu sebuleni na wake nyuma, kama siku zote, nikamngoja. Alipita na kanzu yake ya kusalia begani. Akauokota msala wake.

"Leo nasali peke yangu," akasema, na akaingia chumbani kwako akafunga mlango.

Nimesali. Sasa nasikia yuko kimya mle ndani, na sijui anaomba nini, na sina haki ya kuuliza. Geti linagongwa, mmerudi. Barua hii naiweka chini kabisa ya sanduku lako, uikute ukiwa umeshafika. Ukiimaliza, mpigie mama yako kwanza. Mimi nitangoja zamu yangu.

Baba yako.